Kundi la Asubuhi

Hebu tuanze na swali. Umetoka kwenye chumba cha usaili. Maswali uliyopewa ndiyo hayo hayo atakayopewa rafiki yako saa nane mchana, na nafasi ya kazi ni moja tu. Anakufuata mlangoni, anakuvuta pembeni, anakuuliza kwa sauti ya chini: "Wameuliza nini?" Utamwambia?

Usijibu haraka. Najua wengi mtasema, "Ah, rafiki yangu bwana, namwambia." Wachache mtasema sheria ni sheria. Mimi nilikuwa yule anayeuliza. Niliyemuuliza hakunijibu, nikamnunia miezi minane. Leo nataka kumtetea. Sina hakika kama nitaweza, maana sehemu ya moyo wangu bado imenuna.

Tulikuwa wawili, wote wa Mpanda, yeye wa Makanyagio na mimi wa Kawajense. Tulisomea kompyuta vyuo tofauti, tukamaliza mwaka mmoja, tukarudi nyumbani kufanya ile kazi inayowangoja wengi wa fani yetu: kukaa steshenari na kuwachapia wenzetu barua za kuomba kazi. Mimi nilikuwa na laptopu. Ya kwake iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Basi jioni, duka likishafungwa, tulikaa kibarazani kwa mama yangu, laptopu moja katikati, tukijifunza kuandika programu. Mpanda kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli, na sisi tuliokulia pale tunajua maana ya kusoma kwa kuvizia umeme. Ukikatika na chaji ikiisha, mimi nilikuwa nafunga na kwenda kulala. Yeye alifungua kaunta buku na kuendelea kwa kalamu, chini ya taa ya sola. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Likatoka tangazo. Taasisi moja, jina lake naliacha, ilikuwa inatafuta mtayarishaji programu. Mmoja. Hatua zilikuwa nne: kuomba kwa mtandao, mtihani wa kuandika, usaili wa vitendo kwenye kompyuta, halafu mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Chini kabisa waliandika kwamba kila msailiwa atajigharamia nauli, chakula na malazi.

Usidhani tulishangaa. Kijana wa Tanzania ameshazoea hesabu za namna hii. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 100,000. Ndiyo maana kuna mchujo juu ya mchujo. Hakuna jopo linaloweza kuongea na watu laki moja mmoja mmoja. Mlango wa kwanza haukuwekwa ili wakujue, umewekwa ili mpungue. Kadiri unavyosonga mbele ndivyo unavyoanza kuonekana kuwa mtu, na ndivyo unavyoumia zaidi ukikatwa. Kukatwa mlango wa kwanza ni kama kunyeshewa mvua sokoni, mmelowa wote. Kukatwa mlango wa tatu kuna jina lako.

Mtihani wa kuandika tulifanyia Tabora. Tulikwenda kwa treni, kwa ile njia ya kupitia Kaliua ambayo wakoloni waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulifungwa zamani, reli ikabaki kubeba abiria na mazao, na sisi tunaofuata kazi mbali na nyumbani. Tukafaulu wote wawili. Ikaja barua ya hatua ya tatu, Dodoma, watu 18 waliobaki. Mama yangu akauza magunia mawili ya mpunga aliyokuwa ameyaweka kusubiri bei. Mwenzangu alikopa kikoba. Dodoma tukapata gesti ya bei ya chini, vyumba viwili vinavyotazamana, tukala wali maharage, tukasoma kwa laptopu yangu mpaka saa saba usiku.

Asubuhi tukakuta kompyuta ziko tisa. Basi wakatugawa kwa herufi za majina: tisa waingie asubuhi, tisa mchana. Yeye akawa wa asubuhi, mimi wa mchana. Simu za wanaoingia zilikusanywa mlangoni, lakini kati ya wanaotoka na wanaongoja hakuna aliyeweka hata kamba. Sisi wa mchana tuliketi kwenye benchi pale pale koridoni. Kando yangu alikaa kaka mmoja aliyetoka Mtwara, peke yake, siku mbili barabarani. Hakuwa anamjua mtu yeyote Dodoma. Alitoa korosho za kwao mfukoni, akanigawia nusu.

Saa sita mlango ukafunguliwa. Nikasimama, nikamwahi.

"Vipi dada, wameuliza nini?"

Akanitazama. Kisha akatazama benchi. "Kaka, kunywa maji, tulia, ingia."

"Neno moja tu. Nitajua mwenyewe la kufanya."

"Siwezi."

Akapita, akaenda kukaa chini ya mti upande wa pili wa uwanja, ametupa mgongo.

Nilikuwa na saa mbili mbele yangu na laptopu kwenye begi. Neno moja lingetosha kabisa. Swali lenyewe lilikuwa hili: umepewa orodha ya ankara 50,000, baadhi zimeingizwa mara mbili. Andika programu itakayozitoa zilizojirudia, na imalize kazi ndani ya dakika moja.

Kwa usiyejua mambo haya, fikiria kamati ya harusi yenye daftari refu la wachangiaji. Unataka kujua nani kaandikwa mara mbili. Njia ya kwanza: unashika jina moja, unalilinganisha na mengine yote, unashika la pili, unafanya vivyo hivyo, mpaka mwisho. Majina yakiwa 50, sawa. Yakiwa 50,000, utalinganisha karibu mara bilioni moja na robo. Njia ya pili: unayapanga kwanza kwa herufi, na waliojirudia wanakaa jirani wenyewe, unawaokota. Mimi nilitumia njia ya kwanza. Programu yangu haikuwa na kosa hata moja. Ila dakika ilipokwisha ilikuwa bado inalinganisha.

Na ile njia ya pili ilikuwemo katika somo letu la kibarazani. Umeme ulikatika tukiwa tumefika hapo. Mimi nikaenda kulala. Yeye akafungua kaunta buku.

Yeye akaenda hatua ya nne, mimi nikakatwa. Mpanda tukarudi kila mtu na basi lake, mimi siku hiyo hiyo, yeye baada ya mahojiano. Nilipowasimulia wenzangu kijiweni, hukumu ilitoka hapo hapo. "Ana roho mbaya." "Laptopu yako kasomea, halafu kakufungia." Mmoja, mtu mzima, fundi redio, alisema neno lililonikaa kwa muda mrefu. Alisema, "Mwanangu, wenzenu wana wajomba Dodoma. Nyinyi wa Katavi mjomba hamna. Mkinyimana nyinyi kwa nyinyi, mmekwisha."

Hili ndilo pingamizi kubwa, na sitaki kulipita kwa kukimbia. Mchezo wenyewe si sawa. Kuna aliyesoma kwenye umeme usiokatika. Kuna aliyekuja kwa gari la nyumbani, akaoga maji ya moto, akaingia ametulia. Kuna anayepigiwa simu jioni kabla ya usaili. Kwa nini mtoto wa mwenye magunia mawili ya mpunga ndiye awe wa kwanza kulinda usawa? Kumwambia rafiki swali, hiyo ni rushwa au ni kusaidiana? Si ndiyo undugu tuliofundishwa, kwamba aliye mbele ashike mkono wa aliye nyuma?

Miezi minane niliamini hivyo. Kilichonigeuza ni hesabu ndogo. Nilijiuliza: kama angeniambia, ni nani ambaye ningempita?

Nikawapitia wote wa benchi. Mwenye mjomba nisingempita, maana kama yupo, ya kwake yangeshapangwa kabla ya benchi. Mwenye simu ya jioni nisingempita, swali angekuwa nalo tangu jana. Ambaye ningempita ni mmoja tu: yule kaka wa Mtwara aliyekula korosho nusu akanipa nusu. Yeye hakuwa na mtu wa kundi la asubuhi. Mnong'ono wangu usingemfikia mkubwa hata mmoja. Ungemwangukia yeye, aliye mnyonge kama mimi, na zaidi yangu, kwa kuwa alikuwa peke yake.

Hapo ndipo nilipomwelewa mwenzangu kwa nini alitazama benchi kabla ya kunijibu. Siku tuliyopatana nilimuuliza. Akanijibu kwa ufupi, kama kawaida yake: "Wewe ulikuwa na mimi. Yule kaka alikuwa na nani?"

Tunapenda kuilaani tabia ya kujuana. Tukiwa kijiweni tunaisema kama ugonjwa wa wakubwa, kitu kinachofanyika ofisini nyuma ya pazia. Mimi nadhani kujuana hakuanzii huko. Kunaanza kama wema. Kunaanza koridoni, kati ya watu wawili wanaopendana, mmoja ana habari na mwingine hana. Yule mkubwa anayempigia simu mpwa wake hajioni mwizi hata kidogo. Anajiona mjomba mwema. Anafanya kile kile nilichotaka nifanyiwe, ila yeye ana simu na mimi nilikuwa na benchi.

Wazee wetu wa TANU walikuwa wakiahidi kwamba cheo ni dhamana, kwamba hawatakitumia kwa faida yao. Tukisikia neno cheo tunafikiria waziri, mkurugenzi, mwenye kiti kinachozunguka. Lakini kwa zile saa mbili yule binti wa Makanyagio alikuwa na cheo. Alikuwa na kitu ambacho wengine hawana, alichokipata kwa kutangulia kuingia tu, na mtu wake wa karibu alisimama mbele yake akiomba. Waziri gani anajaribiwa zaidi ya hapo? Tofauti ni kiasi. Na ambaye hakujizoeza kwenye kidogo, siku ya kikubwa atajizoezea wapi?

Wachina waliliona tatizo hili mapema. Mitihani yao ya kuingia katika utumishi wa mfalme ilidumu zaidi ya miaka 1,000 mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Wakati wa utawala wa Song walifika mahali pa kufunika jina la mtahiniwa, kisha makarani wakanakili karatasi yote upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Hata sisi, tangu shule ya msingi tunafanya mtihani wa taifa kwa namba. Ukiwa mtoto unaona wamekunyang'anya jina. Ukikua unaelewa kwamba ile namba ndiyo siku ambapo mtoto wa mkulima wa Mpimbwe na mtoto wa mkurugenzi walisomwa na jicho lile lile. Kazi yote hiyo, karne kwa karne, ni ya kuzuia kitu kimoja: mtu kumtambua mtu wake. Halafu sisi tunakifungulia kwa neno moja mlangoni.

Mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alisema ukitaka kuipata sheria ya haki, jifanye hujui utaangukia nafasi gani katika jamii, kisha uichague. Nikaijaribu kwenye koridoni yetu. Tuseme wote 18 tuliulizwa tukiwa bado getini, kabla ya kugawanywa: wa asubuhi waruhusiwe kuwanong'oneza wa mchana? Hujui utakuwa kundi gani. Hujui kama utakuwa na rafiki upande wa pili au utakuwa mtu wa Mtwara. Nadhani tungekataa, karibu wote. Niliutaka mnong'ono kwa sababu tu nilishajua nina rafiki.

Sasa, msomaji mwerevu ataniuliza: na yale mliyofundishana kibarazani je? Yule kaka hakuwepo kwenye kibaraza chenu. Hilo nalo si upendeleo?

Swali zuri, limenisumbua. Jibu nililofikia ni la kibarazani pia. Kuna maneno unayoweza kuyasema kwa sauti na kuna maneno ambayo lazima uyanong'one. Kibarazani tulikuwa tukisema kwa sauti. Angepita mtu yeyote na kuuliza, tungempa kiti. Kule Dodoma, kama yule kaka angeniuliza namna ya kupanga orodha, ningemweleza nijualo, na hakuna ambaye angeona aibu. Huko ni kufundishana, na kufundishana hakujawahi kumnyima mtu. Lakini "wameuliza nini?" niliiuliza kwa kunong'ona. Hakuna aliyenifundisha kushusha sauti. Ilishuka yenyewe. Nadhani koo langu lilijua kabla yangu.

Utasema, basi angelitangaza swali kwa benchi zima. Nilimwambia hivyo siku ya kupatana, nikidhani nimemkamata. Akanijibu, "Na wale wanane niliotoka nao? Hao wameingia bila kuambiwa." Nikanyamaza.

Lakini sitaki umwone kama malaika, na yeye mwenyewe hapendi. Nilimuuliza wazi: ulikuwa unalinda haki au ulikuwa unalinda nafasi yako? Maana nafasi ilikuwa moja, na mimi nilikuwa mmoja wa wapinzani wake 17. Alikaa kimya kidogo, akasema hajui. Akasema chini ya ule mti alijiuliza swali hilo hilo saa mbili nzima na alilia, hakupata jibu. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kama angejibu. Mara nyingi jambo la haki linatuletea na faida, na hapo ndipo hatuwezi tena kuisoma mioyo yetu. Labda ndiyo maana ni vizuri kuwa na sheria ambayo haingoji moyo uwe safi kwanza.

Wala sitaki waliotuita wapone bure. Anayewapa makundi mawili swali moja, akawaacha wapishane mlangoni, amewatega watu. Maswali mawili tofauti yangekuwa kazi ya jioni moja. Ukimwita mtu atoke Mpanda kwa nauli ya mpunga wa mama yake, unalo deni la kumwandalia mtihani ambao hautamlazimisha kuchagua kati ya rafiki na haki. Uaminifu wa wasailiwa usifanywe ukuta wa kuzibia uzembe wa wasaili.

Nawe utataka kujua aliishiaje. Mahojiano alifaulu, ila nafasi ilikuwa moja na alikuwepo aliyemzidi. Wakamwandikia kwamba jina lake limehifadhiwa. Yupo Makanyagio, anachapa barua. Hakuna alichopewa na haki kwa kuilinda, na yeye hakuwa amekidai.

Mwaka uliofuata niliitwa tena, taasisi nyingine, na safari hii kundi la asubuhi nikawa mimi. Wa mchana alikuwa mtoto wa shangazi yangu, niliyemfundisha kompyuta mwenyewe, kibaraza kile kile. Nilipotoka nikarudishiwa simu. Ikaita kabla sijafika getini. Niliangalia jina lake likiwaka. Nikapokea.

"Kaka, fasta, wameuliza nini?"

Nilifungua mdomo na swali lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, maneno matano tu. Nikasema, "Kunywa maji, mdogo wangu. Tulia, ingia."

Hakusema kitu. Akakata.

Hakupita, na mimi sikupita. Shangazi hajanisemesha tangu siku hiyo. Akija nyumbani anamsalimia mama, ananipita mlangoni kama nguzo. Mama hajanilaumu, lakini pia hajanisifu.

Nilipomsimulia yule mwenzangu, hakunipongeza wala hakunipa pole. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilipata mti wa kukaa.

Nikamwambia nilipata.